Neno la siri kati ya ruta mbili: jina la nani huandikwa wapi?

Asubuhi moja ya mvua, kijana ninayefanya naye kazi alinipigia simu kutoka Likasi, mimi nikiwa Lubumbashi, miji miwili ya kusini-mashariki mwa Kongo, mbele ya ruta ya upande wangu, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi moja na mwingine. "Yaya," alisema, "taa ya kijani inawaka, waya umekaa vizuri, lakini hakuna kinachopita." Nilimwomba anisomee mstari wa kwanza wa hali ya mlango, yaani mahali waya unapoingia kwenye ruta, naye akausoma polepole:

Serial0/0/0 is up, line protocol is down

Mstari huo una nusu mbili, na watu wengi huzisoma kana kwamba ni habari moja. Nusu ya kwanza yaeleza kwamba mawimbi yanafika na mlango unasikia upande wa pili. Nusu ya pili yaeleza kwamba ruta hizo mbili bado hazijakubaliana kuzungumza. Waya, basi, haukuwa na kosa lolote. Ruta ya Lubumbashi ilikuwa imeuliza "Nani wewe?", ile ya Likasi ikajibu, na jibu halikukubaliwa.

Jambo hili huwachanganya mafundi wengi, hata wale wenye uzoefu wa miaka, na baada ya kulikuta mara nyingi nimefikia uamuzi kwamba chanzo chake ni kimoja: fundi hudhani kwamba neno la siri ndilo linalofanya kazi yote, na kwamba jina la ruta ni kibandiko tu cha kumsaidia binadamu ajue yuko kwenye mashine ipi. Katika njia ya uthibitishaji ninayotaka kuieleza hapa, jina ndilo linaloamua ni neno la siri lipi lichukuliwe, na kwa sababu hiyo kila ruta huandikiwa jina la mwenzake pamoja na siri wanayoshirikiana.

Kwanza, tutenganishe maneno ya siri yenyewe. Ruta moja huweza kubeba manne au matano: la mtu anayechomeka kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha kompyuta na ruta moja kwa moja, la anayeingia kutoka mbali, la kupanda ngazi ya msimamizi, na mengineyo. Hayo yote ni ya binadamu mbele ya mashine. Neno tunalozungumzia hapa ni la mashine mbele ya mashine: hakuna anayeliandika kila siku, hakuna kisanduku cha kulijaza kwenye kioo, na likishawekwa hufanya kazi usiku na mchana bila kuonekana. Fundi akibadilisha neno la msimamizi akidhani amebadilisha na hili, hatakuwa amegusa chochote kwenye kiungo.

Na kwa nini mashine ziulizane? Mstari wa kukodi unaotoka Lubumbashi hadi Likasi hukata takriban kilomita 120, ukipita katika vyumba, nguzo na makabati ambayo funguo zake ziko mikononi mwa watu wengine. Mtu anayeweza kuuchomoa waya huo katikati na kuuchomeka kwenye ruta yake anaweza kujifanya Likasi, kupokea kila kitu kinachopelekwa Likasi, na kuingia katika mtandao wa ofisi kana kwamba ni tawi halali. Ruta za Cisco, ambazo ndizo ninazozikuta mara nyingi, huwasha milango yake ya siriali, ile ya mstari unaounganisha ruta mbili tu, kwa utaratibu uitwao HDLC, nao hauna hatua yoyote ya kuulizana majina. Anayetaka uthibitishaji hana budi kuhamia kwenye itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ya mashine, iitwayo PPP, ambayo kiwango chake kinachotumika hadi leo kilichapishwa mwaka 1994.

PPP huendesha mazungumzo yake kwa hatua. Hatua ya kwanza ni makubaliano ya kiungo chenyewe, ambapo pande mbili huafikiana ukubwa wa pakiti na kama uthibitishaji utadaiwa. Hatua ya pili ni uthibitishaji. Ya tatu ndiyo inayofungulia njia anwani za IP. Hatua ya pili ikishindwa, ya tatu haianzi, na ndipo mlango hubaki katika ile hali ya nusu hai niliyosomewa kwenye simu.

Hatua ya pili ina njia mbili za kale, PAP na CHAP. PAP ni nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kubisha hodi. Anayebisha husema kwa sauti, "Mimi Likasi, na neno langu la siri ni hili," kisha hurudia maneno yayo hayo mpaka mwenye nyumba amjibu ndiyo au hapana. Aliyesimama uchochoroni amesikia yote, na kesho anaweza kuja kubisha hodi kwa maneno hayohayo. Neno la siri hupita wayani likiwa wazi, uthibitishaji hufanywa mara moja tu mwanzoni, na anayebisha ndiye anayeamua arudie mara ngapi. Sioni sababu ya kuichagua PAP leo, isipokuwa pale ambapo kifaa cha upande wa pili ni cha zamani kiasi kwamba hakijui njia nyingine.

CHAP, ambayo kiwango chake cha sasa ni cha mwaka 1996, hukaribia zaidi kitendawili, ila ni kitendawili kinachotegwa upya kila mara ili jibu la jana lisifae leo. Tuifuate kwa utaratibu, kwa maana humu ndimo mnamozaliwa makosa karibu yote. Ruta ya Lubumbashi hutunga namba ya nasibu, huipa namba ndogo ya utambulisho, huongeza jina lake, LUBUMBASHI, na kupeleka vitu hivyo vitatu Likasi. Ruta ya Likasi inapopokea, hutazama kwanza jina. Hujiuliza: katika orodha yangu, LUBUMBASHI ameandikwa? Akiwa ameandikwa, huchukua neno la siri lililo pembeni ya jina hilo, huliunganisha na namba ya utambulisho na ile namba ya nasibu, kisha huvipitisha vyote pamoja katika hesabu ya MD5, inayogeuza maandishi yoyote kuwa alama fupi isiyorudishika. Zao la hesabu hiyo daima ni baiti 16, hata neno la siri liwe fupi au refu kiasi gani. Likasi hurudisha baiti hizo 16 pamoja na jina lake, LIKASI. Lubumbashi nayo hutafuta LIKASI katika orodha yake, huchukua siri iliyo pembeni, hufanya hesabu ileile juu ya namba ileile iliyoitunga yenyewe, kisha hulinganisha. Zikifanana, hupeleka ujumbe wa kukubali. Zisipofanana, hupeleka ujumbe wa kukataa na kiungo hushushwa.

Msomaji aone mambo mawili hapo. Neno la siri halikupita wayani hata mara moja, na aliyekuwa akisikiliza ameambulia majina, namba za swali na zao la hesabu tu. Pia, kila upande ulitafuta jina la mwenzake, siyo lake. Ukiandika kwenye ruta ya Likasi mstari wenye jina LIKASI, umeiambia ruta siri ya kumtambua mtu ambaye hatakuja kamwe, kwa kuwa anayekuja anaitwa LUBUMBASHI.

Usanidi wenyewe, yaani amri za kuipangia ruta kazi yake, basi, ni mfupi. Upande wa Lubumbashi:

hostname LUBUMBASHI
username LIKASI password MtoLufiraUnapungua7
interface Serial0/0/0
encapsulation ppp
ppp authentication chap

Na upande wa Likasi:

hostname LIKASI
username LUBUMBASHI password MtoLufiraUnapungua7
interface Serial0/0/0
encapsulation ppp
ppp authentication chap

Majina yamepishana, neno la siri ni lilelile. Herufi kubwa na ndogo zihesabiwe kuwa tofauti. Anayeandika Likasi upande mmoja na LIKASI upande wa pili anajitafutia kazi. Kama jina la ruta haliwezi kuguswa, labda kwa sababu programu ya ufuatiliaji imeshalizoea, amri ya ppp chap hostname huiwezesha ruta kujitambulisha kwa jina jingine kwenye mlango huo mmoja tu. Neno la siri la mfano huu, bila shaka, lisitumiwe na yeyote, kwa kuwa limekwisha kuandikwa hadharani.

Turudi kwenye simu ya Likasi. Majina yalikuwa sawa, kila moja mahali pake. Nilimwomba kijana awashe amri ya debug ppp authentication, ambayo huonyesha mazungumzo ya hatua ya pili yanavyopita. Anayetazama kutoka mbali, wala si kwa konsoli, aongeze terminal monitor, la sivyo kioo chake kitabaki kimya na atadhani ruta haisemi kitu. Mazungumzo yalionyesha Likasi ikipokea swali kutoka Lubumbashi na kushindwa kulijibu, ingawa jina LUBUMBASHI lilikuwamo katika orodha. Tatizo lilikuwa neno moja katika mstari mmoja: kijana alikuwa ameandika username LUBUMBASHI secret mahali pa username LUBUMBASHI password.

Sikumlaumu, kwa maana alifanya kile ambacho kozi zote za usalama humfundisha mtu kufanya. Kwa watu, secret ni bora: ruta huligeuza neno la siri kuwa alama isiyorudishika, na hata anayeiba faili la usanidi hawezi kulisoma. Kwa CHAP, hilohilo ndilo linaloivunja. Ruta inahitaji neno la siri lenyewe, herufi kwa herufi, ili ilitie katika hesabu pamoja na namba ya nasibu. Ikiwa imebakiwa na alama isiyorudishika tu, haina cha kutia. Ulinzi wa waya hapa unanunuliwa kwa kudhoofisha ulinzi wa faili, na fundi anapaswa kuijua bei hiyo kabla hajailipa. Tulibadilisha mstari, tukafunga mlango na kuufungua upya ili mazungumzo yaanze mwanzo, na nusu ya pili ya ule mstari wa hali ikasoma up.

Bei hiyo inaonekana wazi unapofungua faili la usanidi: neno la siri limeandikwa pale, tayari kusomwa. Amri ya service password-encryption huligeuza kuwa mfululizo wa namba na herufi unaotanguliwa na tarakimu 7, na wengi hupumua hapo wakidhani limefichwa. Mbinu hiyo ya 7 hurudishwa nyuma kwa sekunde chache na programu ndogo inayopatikana popote. Kazi yake ni kumzuia mtu anayechungulia begani, basi. Tena ina usumbufu wake: siri moja huweza kuonekana kwa maandishi tofauti kwenye ruta mbili, kwa hiyo haiwezekani kulinganisha pande mbili kwa macho. Ndiyo maana nasema kwa uzito kwamba katika ofisi zetu siri hizi hazivuji kupitia udhaifu wa MD5. Huvuja kupitia picha ya kioo iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp ili mwenzako akusaidie, au kupitia karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa. Anayeomba msaada na afute kwanza mstari wa username, kisha ndipo atume.

Kuhusu MD5 yenyewe, iliyobuniwa na Ronald Rivest na kuchapishwa mwaka 1992, watafiti walionyesha mwaka 2004 kwamba inawezekana kutengeneza maandiko mawili tofauti yenye zao moja. Udhaifu huo ni mkubwa kwa sahihi za kidijitali, lakini hauwapi wezi neno la siri la CHAP. Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine: aliyenasa swali na jibu lake anaweza kwenda nazo nyumbani na kujaribu maneno ya kamusi moja baada ya jingine, bila ruta yoyote kumwona, mpaka apate neno linalotoa zao lile. Kiwango cha CHAP chenyewe kinapendekeza siri isiyopungua urefu wa zao la hesabu, yaani baiti 16. Jina la kampuni na mwaka wa kuanzishwa kwake havifiki hapo.

Nije sasa kwenye kazi ya kusanidi kutoka mbali, maana si kila mara kuna kijana Likasi wa kushika simu. Unapobadilisha mlango wa mbali kutoka HDLC kwenda PPP, unakata tawi ulilolikalia: mara tu amri inapokubaliwa, pande mbili hazizungumzi lugha moja na wewe umetolewa nje. Utaratibu ninaoufuata ni huu. Mistari ya username huandikwa kwanza pande zote mbili, kwa kuwa haina madhara. Kisha, kwenye ruta ya mbali, na kabla ya kugusa mlango, naandika reload in 10, amri inayoiagiza ruta ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Ndipo nabadilisha mlango wa mbali, nafukuzwa, halafu nabadilisha mlango wa karibu. Kiungo kikirudi, naingia tena upesi, naandika reload cancel, na ndipo nahifadhi usanidi. Kisiporudi, nakaa na kusubiri: dakika kumi zikitimia ruta ya mbali itajiwasha na usanidi wake wa zamani, kwa kuwa ule mpya haukuhifadhiwa, nami nitarudisha upande wangu ulivyokuwa na kuanza upya. Usiku mmoja nilisahau amri hiyo moja. Alfajiri nilikuwa barabarani kuelekea Likasi na kebo ya konsoli mfukoni.

Kuna na makosa ya vidole, ambayo hapa kwetu yana sura yake. Kompyuta nyingi mjini Lubumbashi zina kibodi za Kifaransa, ambazo herufi A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na M iko pembeni kabisa. Kompyuta ikirekebishwa upya na kuachwa katika mpangilio wa Kiingereza, vibandiko vya vitufe husema jambo moja na kioo huandika jingine. Kwenye mstari wa username makosa hayo huonekana, alimradi mtu atazame kioo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza; mahali ambapo neno halionyeshwi, hayaonekani kabisa. Nafasi tupu mwishoni mwa neno, inayotokea unapolinakili kutoka kwenye ujumbe, nayo huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya siri. Alama ya kuuliza huwa na shida ya peke yake: ruta huichukua kama ombi la msaada, na anayeitaka ndani ya neno la siri hana budi kubonyeza kwanza Ctrl pamoja na V. Mimi huiacha kabisa.

Yote hayo yahusu kiungo cha siriali, ambacho kinazidi kupungua. Ofisi zinazounganishwa kwa fiba au kwa redio zilizo juu ya mapaa huwa na milango ya Ethernet, ile ya kawaida ya mitandao ya ofisi, na milango hiyo haina PPP, isipokuwa mtoa huduma awe amewapa njia ya PPPoE, yaani PPP inayopitishwa juu ya Ethernet, ambamo PAP na CHAP huendelea kuishi kama kawaida. Pasipo PPP, swali la "Nani wewe?" huhamia kwenye itifaki ya kupanga njia, kama OSPF, ambayo kwayo ruta hupashana habari za njia zinazozijua. Hapo hatari hubadilika sura: ruta ngeni iliyochomekwa kwenye swichi huweza kutangaza kwamba njia ya kwenda kila mahali inapita kwake, na ruta nyingine zikaiamini. Mistari inayohitajika kwenye mlango, pande zote mbili, ni hii:

ip ospf message-digest-key 1 md5 Miombo-ya-Mvua-3
ip ospf authentication message-digest

Safari hii hakuna jina. Kinachochagua siri ni namba ya ufunguo, hapa 1, ambayo lazima ifanane pande zote mbili sawa na siri yenyewe. Neno la siri lisizidi herufi 16. Ruta huambatanisha zao la hesabu kwenye kila pakiti ya OSPF, pamoja na namba ya mfuatano isiyorudi nyuma, ili pakiti ya zamani iliyonaswa isipelekwe tena. Vifaa vinavyofuata kiwango cha mwaka 2009 huweza kutumia hesabu za familia ya SHA, za namna ileile lakini imara zaidi, mahali pa MD5, na anayeweza kuzitumia azitumie. Ifahamike pia kwamba, sawa na CHAP, hakuna kinachosimbwa hapa: barua, hesabu za benki na picha hupita wayani zikiwa vilevile zilivyokuwa, na anayetaka kuzifunika anahitaji IPsec, itifaki ya kusimba pakiti, juu yake.

OSPF ina mtego mmoja wa muda. Ukiweka uthibitishaji upande mmoja tu, hakuna kinachoanguka papo hapo. Kwa kawaida ruta husalimiana kila baada ya sekunde 10, na hungoja sekunde 40 kabla ya kumhesabu jirani, yaani ruta ya upande wa pili, kuwa amekufa. Fundi huandika amri, hutazama, huona jirani bado yupo, huondoka kwenda kunywa chai, na ujirani huvunjika akiwa mlangoni. Baada ya kila badiliko nahesabu dakika nzima kwa saa, kisha ndipo natazama show ip ospf neighbor.

Kubadilisha siri, kwa upande mwingine, ni rahisi kuliko kwenye CHAP. Unaongeza ufunguo namba 2 wenye siri mpya kwenye ruta ya kwanza bila kuuondoa namba 1. Kwa muda, ruta hiyo hupeleka kila pakiti mara mbili, moja kwa kila ufunguo, hivyo jirani ambaye bado anajua ule wa zamani tu hapotezi chochote. Unakwenda kwenye ruta ya pili na kuongeza namba 2 vilevile. Zikishatambuana kwa ufunguo mpya, pakiti za ziada hukoma zenyewe, nawe unafuta namba 1 pande zote, unahesabu dakika yako, kisha unahifadhi usanidi kwenye ruta zote mbili kabla umeme haujakatika.